Jaketi Lililoelea Peke Yake

Chubwi.

Kisha kimya. Fundi alikuwa ameinama ukingoni mwa gati akikamua upindo wa gauni lake. Akageuka na tabasamu, akidhani ni mzaha mwingine, maana tangu asubuhi ilikuwa mizaha tu. Ziwa lilikuwa limetulia kama maji kwenye sinia. Mchumba wake, ambaye rafiki zake walimbandika jina la Nahodha kwa majigambo ya kupiga kasia, alikuwa amemzungusha kwenye mtumbwi mwekundu wa plastiki mpaka akachoka, akamshusha gatini apumzike, akarudi majini peke yake kumwonyesha mbwembwe.

Sasa mtumbwi ulikuwa kifudifudi. Kasia lilielea kando. Na jaketi la kuokolea, lile la rangi ya chungwa, lilikuwa linaelea peke yake, halina mtu.

Fundi alilitambua. Mkanda wa jaketi lile aliushona yeye. Ulipochanika aliuweka kwenye cherehani yake ya kushonea mabegi ya shule, akaupitisha mshono mara mbili, akamtambia Nahodha kwamba hautakatika hata akifungwa fahali. Kumbe umekatika. Uzi wangu umemuua. Ndicho alichowaza, basi. Hakukumbuka hata kwamba hajui kuogelea, na kwamba Nahodha aliahidi kumfundisha jioni ile ile.

Akaruka na gauni lake.

Maji hayana adabu kwa asiyeyajua. Yalimwingia puani na masikioni, majani ya utelezi yakamsokota miguu, tope likamjaa mdomoni. Alipapasa akaushika mkanda wa jaketi. Baada ya hapo hakujua juu wala chini.

Aliyemtoa ni mlinzi wa waogeleaji, mwanamke wa mabega mapana aliyekaa kutwa nzima kwenye kiti chake kirefu pale ufukweni. Alimburuta kwa makwapa, akamlaza kifudifudi juu ya mbao za gati, akamgonga mgongo. Fundi akatapika maji ya kijani mbele ya kadamnasi, jaketi bado kalikumbatia.

"Yuko chini, dada," akasema akikwama. "Mtafute. Mkanda wangu..."

Hapo ndipo akasikia kicheko. Kilitoka chini ya mbao alizolalia, karibu na uso wake. Akachungulia kwenye ufa. Akaona meno.

Nahodha akajitokeza chini ya gati. Maji yalimfika kifuani tu. Akapanda mbaoni mikono juu kama mshindi wa mbio. Nyuma ya banda la mitumbwi akatokea binamu yake, simu mkononi, anarekodi, akitangaza kwamba video yote imeingia, hata sehemu ya kutapika.

Nahodha akapiga goti pembeni ya matapishi. Kutoka mfuko wa kaptura akachomoa pete iliyoviringishwa kwenye nailoni.

"Umefaulu, mke wangu. Mwanamke anayeweza kunifia ndiye ninayemtaka. Nipe kidole."

Fundi akamtazama. Ute wa majani ulikuwa umemganda kwenye ndevu zile alizokuwa akizichezea jana. Katikati ya meno kulikuwa na maganda mekundu.

"Ulikuwa unakula?"

"Karanga tu. Nilijua hutachelewa."

Fundi akauficha mkono wake chini ya jaketi.

Mlinzi alikuwa bado anakamua nywele zake. "Nikasema huyu namjua," akasema taratibu. "Mwaka jana alikuja na msichana mwingine. Yule alinipigia kelele, nikazamia kumtafuta mpaka masikio yakaniuma. Alikuwa hapo hapo chini, na karanga zake."

Habari za msichana yule Fundi alikuwa nazo. Ukoo mzima wa Nahodha ulimwimbia kwamba msichana huyo alikuwa na moyo wa jiwe, kwamba alimkimbia Nahodha wa watu bila sababu. Naye Fundi, akiwa jikoni na mawifi zake watarajiwa, alimcheka mpaka machozi.

"Ndiye yule uliyeniambia alikukimbia?"

"Alisimama hapa anabweka badala ya kuruka. Hayo nayo mapenzi?"

"Aliita mtu anayejua kuogelea," akasema mlinzi. "Ungekuwa unazama kweli, angekuokoa yeye. Na huyu, mngezikwa pamoja."

Simu ikaita mikononi mwa binamu. Alikuwa mama yake Nahodha, na kwa papara binamu akagusa spika. Mama hakusalimia.

"Vipi, karuka?"

"Karuka, shangazi."

"Afadhali. Maana yule wa kwanza alitutia aibu."

Huyu ndiye mama ambaye Fundi alikuwa akimwamkia kwa magoti. Akaisogelea simu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," mama akaitikia.

"Mapazia uliyonipa nishone yako tayari. Nitampa mtu ayalete. Mimi kwako siji tena."

Nahodha akanyanyuka, akamwambia kwa sauti ya chini asimvunjie heshima mbele za watu, kwamba alifanya vile kwa mapenzi. Mama akakata. Binamu, aliyekuwa amerudi kurekodi, akaanza kuishusha simu.

"Usizime," Fundi akamwambia. "Hii nayo waonyeshe nyumbani kwenu."

Akaligeuza jaketi, akauvuta mkanda kwa nguvu zake zote. Mshono ulikuwa mzima. Ni kifungo tu, kimefunguliwa kwa mkono wa mtu.

"Uzi wangu haukukatika."

"Nani kasema umekatika?"

"Nilidhani nimekuua. Ndiyo maana niliruka. Kule chini sikuwa nakufia, nilikuwa naomba msamaha." Akamrushia jaketi kifuani. "Kwa hiyo hata mtihani wako nimefeli. Rudisha pete yako mfukoni."

Watu waliokuwa wamejiandaa kupiga makofi wakaanza kutazama viatu vyao. Fundi akajipangusa mdomo kwa kiganja, akamgeukia mlinzi.

"Dada, unafundisha kuogelea?"

"Jumamosi asubuhi, kabla watu hawajajaa."

"Jumamosi nitakuja. Na yule wa mwaka jana nitamtafuta, akikubali nije naye. Nilimcheka bila kumjua. Nitamwomba radhi hapa hapa, juu ya mbao hizi. Nakuahidi, dada."