Maji ya Kunawisha Bageni

Orpa, shangazi ya Shekinah, njo alinielezea hii mambo juzi, tukitoka ku kanisa. Alielezea akitema mate chini. Na miye tangu juzi chakula hainipiti.

Josaphat na Shekinah balionana mu soko ya Butembo, fasi ya bitunguu. Mikono yao ikakamata kitunguu moya.

"Achilia, papa. Ni yangu."

"Beba. Lakini siku utaipika, unialike."

Shekinah akacheka. Kikwembe ya manjano, kitambaa ya kichwa ya manjano, tena mwimbaji wa chorale ya kanisa: nani angemukataa? Josaphat alikuwa anauzisha kakao ku Beni. Kila jioni, simu.

"Cheri, unatafuna nini?"

"Tangawizi. Juu ya sauti."

Sauti gani! Ilikuwa juu ya kufunika harufu ya lotoko, ile pombe kali yenye kufanana na maji. Yeye mwenye kukatazaka benzake hata bia, alikuwa anaanza kukunywa asubuhi, mu birika yenye kufichwa chini ya kitanda.

Siku Josaphat alileta mama yake, bajomba na mbuzi za mahari, juu ya kuomba bibi, Shekinah alikuwa anasalimia bageni. Kwetu mugeni hakuli mbele ya kunawishwa. Orpa akatafuta birika, akapata ile ya chini ya kitanda, imejaa, akazani ni maji. Akanawisha bote ndani ya beseni.

Mama ya Josaphat akanusa vidole. "Munatunawisha na lotoko?"

"Aka! Ni yangu, mama, ya kupaka magoti," Orpa akadanganya. Bageni bakacheka, bakakula.

Mambo ilikuwa imepona. Lakini Josaphat akafuata muchumba wake ku jikoni. Akamukuta amepiga magoti, mudomo ndani ya beseni. Anakunywa uchafu ya mikono ya bajomba, manyoya ya mbuzi imebandika ku kidevu. Fuu!

"Shekinah!"

"Usiniangalie."

"Nakupenda, na nasikia kutapika. Mwaga hiyo. Mwaga sasa, nitakuoa hata leo."

Shekinah akamuangalia na machozi. Akaangalia beseni. Akainamisha kichwa, akamaliza.

Mbuzi zikarudi na benyewe. Josaphat alipofika Beni, akapiga simu; Orpa akaitika.

"Amelala, shangazi?"

"Amelala."

"Mumulaze kwa ubavu, asinyongwe na matapishi."

Kisha Josaphat akabaki na simu mu mukono, macho wazi, mupaka asubuhi usingizi ikamubeba na viatu ku miguu.