Vidonge vya Mbula na Mizizi ya Susu

Asubuhi hiyo nilikuwa mtoni nikingoja zamu yangu ya kuchota maji. Mto wetu hapa karibu na Zombe ulikuwa mchanga mtupu, na maji tulikuwa tunayachimba chini. Wanawake wawili walishaingia shimoni mbele yangu, na mimi nikasogea kando.

"Kavata, sema 'ni zamu yangu,'" Shufaa aliniambia. Yeye ni binti wa Bwana Yakub mwenye duka, na tunasoma pamoja. "Kwani ukifungua mdomo meno yataanguka?"

Wasichana wakacheka. Niliinamisha kichwa tu. Lakini moyoni nilikuwa na haraka, kwa sababu mdogo wangu Mbula alikuwa na kichomi. Mama alikuwa amembeba mpaka dispensari, na dresa, mtoa dawa wa pale, Bwana Faki, akampa vidonge vyeupe. "Kila kidonge na kibuyu kizima cha maji," alimwambia mama. "Bila maji vidonge hivi ni hatari." Mama alienda shamba kila asubuhi, basi kazi ya maji ikawa yangu, na kazi ya kumnywesha ikawa ya Susu, nyanya yetu.

Nilipofika nyumbani nikakuta kibuyu cha jana bado kimejaa.

"Susu, mbona hajanywa?"

"Vidonge nimempa, lakini mgonjwa wa kifua hapewi maji baridi," Susu alisema. "Yanapanda yanamjaa."

Chini ya kitanda kulikuwa na chungu kidogo. Nikachungulia. Ilikuwa mizizi ya kuharisha, imechemshwa mpaka maji yamekuwa meusi.

"Usimwambie mama yako," Susu akasema polepole. "Watu wa misheni hawapendi mizizi. Lakini tumbo lisiposafishwa, kifua kitaponaje? Ameshaharisha sana, uchafu unatoka. Baba yako nilimponya hivi hivi."

Mbula alifungua macho. Midomo yake ilikuwa imekauka na kupasuka.

"Kavata, nataka kukojoa," alisema. "Lakini mkojo haitoki. Na mgongo inauma."

Nilimshika tukatoka nje. Yalitoka matone machache tu, mekundu kama udongo wa barabarani. Nikakimbia shambani kumwita mama.

Mama alimbeba tena, mimi na Susu tukafuata nyuma. Pale dispensari Bwana Faki alimgusa Mbula mgongoni na mtoto akalia.

"Maji anakunywa?"

"Anakunywa," mama akajibu. "Kavata anachota kila siku."

"Kuna dawa nyingine mmempa?"

"Hapana. Sisi ni watu wa kanisa."

Nilimwangalia Susu. Alikuwa anaangalia miguu yake. Bwana Faki akasema homa bado ipo, labda aongezewe vidonge. Akafungua kopo. Niliona vile vidonge mkononi mwake, nikaona na midomo ya Mbula.

"Usimpe," nikasema.

"Unasema nini, mwanangu? Sema nisikie."

"Usimpe. Amekunywa mizizi ya kuharisha. Ameharisha sana. Na maji hajanywa."

Mama alimgeukia Susu. "Mama, ulimpa?"

"Nilimpa," Susu akasema. "Wewe si ulimpa yako? Na mimi nilimpa yangu. Nani kati yetu alitaka aumie?"

Bwana Faki alirudisha vidonge ndani ya kopo. Hakugombana.

"Bibi, sikiliza," alisema. "Mzizi wako peke yake ungemharisha tu. Kidonge changu, pamoja na maji mengi, kingemtoa kichomi. Lakini ndani ya mwili hakuna ukuta kati ya dawa yako na yangu. Kidonge kikimaliza kazi hutoka kwa njia ya mkojo. Mzizi umetoa maji yote kwa njia nyingine. Sasa dawa imebaki kwenye figo bila maji ya kuisukuma, imeganda kama mchanga. Njia ya mkojo imeziba."

Susu alikaa chini pale pale sakafuni. "Mimi nimemkausha mtoto," alisema.

Bwana Faki alianza kumnywesha Mbula maji kidogo kidogo, akatuma mtu kwa Bwana Yakub. Lori lake lilikuwa linaenda Kitui, na huko kuna hospitali. Mama alipanda mbele na Mbula mapajani. Mbula alinitazama dirishani.

"Kavata, mama amebeba kibuyu yetu," alisema. "Wewe utachotea nini?"

Nilishika mlango wa lori mpaka likaanza kwenda.

Lori lilipoondoka, Bwana Faki alisimama na sisi barabarani. "Nikiuliza mgonjwa amekunywa nini, siulizi ili tugombane," alisema. "Iwe ya mzizi, iwe ya duka, niambieni yote. Dawa zinakutana ndani hata kama sisi tunaozitoa hatuongei." Kisha akanigeukia. "Wewe umesema. Endelea kusema, hata kama ni kwa sauti hiyo ndogo."

Kesho yake lori lilienda Kitui tena. Nilimfuata dereva, Abdille, nikasimama mbele yake na watu wote wakiangalia.

"Nenda hospitali umuulize mama," nilisema. "Muulize hivi tu: amekojoa?"

Watu wawili juu ya magunia wakacheka. Halafu wakamwona Susu nyuma yangu, wakanyamaza.

Siku hiyo Susu alienda mtoni mwenyewe. Alichimba mchanga kwa mikono, akachota maji, akajaza chungu kile kile cha mizizi baada ya kukisugua na majivu. Akakiweka kando ya kitanda cha Mbula, na hakutaka mtu akiguse.

Jioni lori lilirudi. Abdille alisema alimpa askari wa mlangoni lile swali, na askari akaingia nalo ndani. Alingoja mpaka watu wa lori wakaanza kumpigia kelele. Hakuna mtu aliyetoka.

Leo asubuhi nimetuma swali lile lile. Lori limesharudi, limeshusha chumvi na sukari. Jibu halijaja.