Laptopu ya Ijumaa

JUMATANO, JIONI

Mbele wananyoa. Nyuma wanapanga. Katikati kuna pazia chafu, na nyuma ya pazia chumba kisicho na dirisha, kina viti vinne na harufu ya poda ya watoto. Mwenye duka na mwenye mipango ni mtu mmoja. Wanamwita Kinyozi. Hapandishi sauti na hapendi kurudia neno.

"Ijumaa asubuhi," alisema. "Ghala la kompyuta. Mzigo mpya umeingia, bado haujasambazwa madukani. Kampuni ya usafirishaji inatuma magari kuuchukua. Gari moja litakuwa letu."

Waliomsikiliza walikuwa watatu. Tairi, dereva, mtu wa kutafuna njiti za kiberiti. Picha, mwenye studio ya picha mtaa wa pili, ambaye humu ndani kazi yake ni kutengeneza vitambulisho vya uongo. Na mume wa dada yake Picha, fundi friji aliyekosa kazi. Picha ndiye aliyemleta, akawa anamwita shemeji, basi kundi zima likamwita Shemeji. Alikuwa na sura ya mtu anayerudisha chenji ikizidi. Sura hiyo ndiyo Kinyozi aliyoitaka.

"Getini wanatazama karatasi. Karatasi ninazo. Mlango wa ghala wanatazama kadi. Shemeji anaingia na toroli, kadi shingoni, anatoka na maboksi. Mizunguko miwili. Tunaondoka."

Shemeji akatoa simu yake. Alikuwa amekaa kwenye kibanda cha chai karibu na mchukuzi mmoja wa ile kampuni, akamvizia, akaipiga picha kadi yake. Sura ya mwenye kadi, jina la kampuni, na juu mstari mnene wa zambarau. Huo mstari ndio wenyewe. Kampuni huubadilisha rangi kila ikijisikia, na mtunza ghala hupewa kadi ya mfano, anaitundika ukutani, analinganisha.

Kinyozi akamgeukia Picha.

"Ile mashine yako bado inanguruma?"

"Inafanya kazi."

"Sikukuuliza hivyo. Mgao wako wa safari iliyopita nilikuambia ufanyie nini?"

"Ninunue laptopu."

"Umenunua?"

"Nasubiri kidogo, bosi. Kuna toleo jipya lina..."

"Kesho unanunua. Ndipo unatengeneza kadi. Shingo itakayoivaa ni ya Shemeji, si yako."

"Nitanunua."

Shemeji alicheka, akampiga begani. "Huyu? Huyu atanunua siku ya kiama, tena ataomba punguzo."

Wote wakacheka. Picha naye akacheka, maana ilikuwa kweli. Miaka mingapi sasa alikuwa ananunua laptopu. Kwanza alisubiri toleo jipya litoke. Likatoka, akasubiri bei ishuke. Bei ikashuka, akasikia kuna toleo lingine njiani, akaona atakuwa mjinga kununua la zamani. Pesa ilikuwapo. Alichokosa ni moyo wa kuitoa. Kuna watu wa namna hiyo, na ukikaa nao karibu hasara yao inakurukia wewe.

ALHAMISI, MCHANA

Alikwenda dukani, hilo tusimnyime. Alisimama mbele ya kabati la vioo akaomba aonyeshwe ile ya kijivu. Muuzaji akaifungua. Kioo chake kilikuwa na picha ya ndege wa manyoya ya bluu, na ile bluu ilikuwa bluu kweli. Picha alisogeza uso karibu, akahesabu manyoya. Alihisi uchungu. Miaka yote hiyo alikuwa anasafisha sura za watu akipapasa kama kipofu.

"Hii kwa kazi ya picha ndiyo yenyewe," muuzaji alisema. "Ila kama huna haraka, mzigo mpya unakuja. Bora zaidi."

"Najua," Picha alisema. "Uko ghalani."

"Umejuaje?"

"Watu wanasema."

Akarudisha ile laptopu kabatini kwa mikono miwili, taratibu. Anunue leo kitu ambacho kesho atakibeba bure? Tena kipya kuliko hiki? Alitoka dukani na pesa yake mfukoni, akijiona mjanja.

Studio ilikuwa na joto. Mashine ya zamani ilikaa mezani juu ya feni ndogo, maana bila hiyo feni ilizima. Kibodi yake ilikufa, akachomeka nyingine pembeni. Kufungua picha moja uliweza kwenda kununua sabuni ukarudi. Hayo yote yalivumilika. Ubaya ulikuwa kioo. Wekundu ulikuwa umekufa mle ndani. Kila kitu kilionekana kimepauka, kimeingia ubuluu. Picha akawa anaongeza wekundu kwa kukisia mpaka sura ionekane ya mtu. Ikitoka kwenye printa, imezidi. Wiki hiyohiyo bibi harusi alirudisha albamu, akauliza kama mumewe ni mtu au nyanya.

Dada yake ndiye aliyepokea ile fedheha. Yeye ndiye anayekaa mbele, anapokea wateja, anakata picha, anatukanwa.

Alimkuta kaka yake akiingiza picha ya mumewe kwenye kadi.

"Hee. Mume wangu amepata kazi?"

"Ya kubeba mizigo. Ya siku mojamoja."

Alifurahi. Alifurahi mpaka akakaa. "Hakuniambia. Alitaka kunishtukiza, namjua. Kaka, Mungu akubariki kwa kumtafutia." Kisha akaitazama ile mashine ikinguruma. "Lakini kwa nini unamtengenezea na hii takataka? Si ulisema leo unanunua?"

"Ijumaa."

"Kwa nini Ijumaa?"

"Ijumaa bei inashuka mpaka chini kabisa."

"Utaaibika na hiyo mashine, mimi nakwambia. Basi hata ukishachapa, itoe nje uitazame kwenye mwanga."

"Dada, kazi hii nimeianza wewe ukiwa unasuka wanasesere."

Mstari kiooni ulionekana wa bluu. Akaongeza wekundu. Bado. Akaongeza tena, mpaka ukawa zambarau machoni pake. Akachapa, akaipitisha kadi kwenye plastiki ya moto, akaishika chini ya taa ya studio, ile taa ya manjano. Ilikuwa safi. Alama ya kampuni, herufi, sura ya Shemeji ikitabasamu kama mtu asiye na deni na mtu yeyote. Nje jua lilikuwa linawaka. Hakutoka.

IJUMAA, SAA NNE ASUBUHI

Gari lilikuwa na nembo ya kampuni ubavuni. Tairi usukani. Kinyozi pembeni yake, amevaa shati la msimamizi. Nyuma, Picha na Shemeji na toroli.

"Mashine mpya vipi?" Kinyozi aliuliza bila kugeuka.

"Safi sana," Picha alijibu. "Tofauti kubwa."

Shemeji alimtazama. Alijua hakuna mashine mpya. Mkewe alikuwa amemweleza jana kwa kicheko ile habari ya bei ya Ijumaa. Alingoja Picha aseme neno. Picha alitazama viatu vyake. Shemeji akanyamaza, maana shemeji hamchomi shemeji mbele ya bosi. Akavaa kadi.

"Rangi iko sawa?" alinong'ona.

"Iko sawa."

"Una uhakika?"

"Shem, nimesema iko sawa."

Getini askari alisoma karatasi, akagonga bodi la gari. Piteni.

Uwanjani palikuwa peupe kwa jua. Gari lingine la kampuni, la kweli, lilikuwa limeegeshwa mlangoni mwa ghala. Wachukuzi wake wawili walikuwa kivulini wakinywa maji. Tairi akaegesha. Shemeji akaruka chini na toroli.

Picha alikuwa kwenye mlango wa nyuma ulioachwa wazi. Mchukuzi mmoja akasogea kutupa chupa, akaingia juani. Kadi ikacheza kifuani pake.

Zambarau. Zambarau kabisa, kama biringanya.

Picha akageuza macho kwa Shemeji. Mstari wa kadi ya Shemeji ulikuwa wa rangi ya damu ya mzee.

Zile rangi hazikuwa hata binamu. Mtoto angeziona. Na Shemeji alikuwa bado hajafika mlangoni. Alikuwa anasukuma toroli polepole, gurudumu moja likilia. Neno moja lingetosha. "Shem." Basi.

"Vipi huko nyuma?" Kinyozi aliuliza.

Picha akisema, atalazimika kueleza. Akieleza, Kinyozi atajua hakununua. Na pale mlangoni, kwenye giza la ghala, aliyaona maboksi, meupe, yamepangwa mpaka juu.

"Poa," alisema.

Mtunza ghala alikuwa na simu sikioni. Alichukua karatasi, akapiga muhuri, akaonyesha kwa kidole. Hakutazama kadi. Shemeji akatoka na toroli imejaa, jasho linamtiririka, meno nje. Alipakia maboksi moja baada ya jingine, Picha akipokea. Lile la kwanza alilisogeza pembeni. Lake.

"Mbona kimya?" Shemeji alimwambia, chinichini. "Mambo yanakwenda. Nikirudi hapa tumemaliza."

Hii ilikuwa nafasi ya pili ya kusema. Nyuso zao zilikuwa karibu kiasi cha kusikia pumzi. Maboksi yaliyokwisha kuingia yalitosha kumnyamazisha hata Kinyozi. Picha angeweza kusema panda, inatosha, twende.

"Fanya haraka," alisema.

Shemeji akarudi.

Mtunza ghala alikuwa amemaliza simu. Alimsimamisha, akamwambia jambo, akaishika kadi ya kifuani akaivuta kidogo kuelekea ukutani. Akatazama ukuta. Akatazama kadi. Akatazama ukuta tena.

"Wewe," alisema, na safari hii sauti ilifika mpaka garini. "Hii umeitoa wapi?"

Shemeji aliachia toroli akakimbia. Wale wachukuzi walitupa chupa zao. Filimbi ikalia. Tairi alikwishawasha gari.

"Anakuja!" Tairi alipaza sauti. "Tumsubiri?"

Kinyozi aligeuka. Hakumtazama Shemeji. Alimtazama Picha, kupitia kidirisha kidogo kilicho nyuma ya viti vya mbele. "Ni mtu wako. Sema."

Shemeji alikuwa kwenye jua, mikono mbele, hatua chache tu. Nyuma yake watu watatu. Askari wa getini alikuwa anahangaika kushusha kizuizi.

"Endesha," Picha alisema.

Gari liliruka. Vidole vya Shemeji viligusa mlango, vikateleza. Alianguka kifudifudi, na wale watu wakamrukia mgongoni. Tairi alipita kizuizi kikiwa nusu, kikakwaruza paa lote. Picha alikuwa amelala juu ya maboksi, ameyakumbatia yasidondoke.

JUMAMOSI, MCHANA

Studio ilikuwa imefungwa kwa wateja. Mezani, mahali pa ile ya zamani, ilikaa mpya. Kinyozi alimpa kama unavyomtupia mbwa mfupa, akamwambia asionekane pale dukani mpaka aitwe. Bado ilikuwa na ngozi yake ya plastiki. Haikunguruma. Picha alisikia mapigo yake mwenyewe.

Alichomeka flashi. Alijiambia anataka kufuta lile faili la kadi. Lakini alilifungua kwanza. Lilifunguka papo hapo, kufumba na kufumbua, na kioo kipya kikasema ukweli wote: damu ya mzee, kutoka mwanzo wa mstari hadi mwisho, juu ya kichwa cha Shemeji anayetabasamu.

Hakusikia mlango. Dada yake alikuwa amesimama nyuma, mkononi ana mfuko wenye shati safi lililokunjwa.

"Polisi wamekataa nimpe nguo," alisema. "Wamemvunja mkono. Usiku kucha wanamuuliza alikuwa na nani. Hajamtaja mtu." Akaukunja mdomo wa mfuko. "Ameniambia nije nikwambie usiwe na wasiwasi."

Picha alinyoosha mkono alifunge lile faili, akachelewa.

Dada akaitazama laptopu. Akaitazama kadi kwenye kioo. Hakuwa mjinga, miaka yote ni yeye aliyekuwa akirudishiwa picha nyekundu.

"Walimkamata kwa rangi," alisema. "Amesema walishika kadi yake tu. Rangi."

"Ilikuwa bahati mbaya, dada."

"Uliiona lini?"

Angeweza kudanganya. Alikuwa hodari. Lakini alikuwa hajalala, na yule mtu kiooni alikuwa anatabasamu.

"Pale uwanjani."

"Kabla hajaingia au baada?"

"Kabla."

Alidhani dada atalia. Alidhani atampiga, na angeshukuru. Dada yake aliweka lile shati juu ya meza, akalinyoosha kola, akatoka nje. Lango la chuma likashuka. Kufuli likabana.

Picha alikimbia akapiga lango kwa viganja. "Dada! Dada, nisikilize. Mimi ni kaka yako!"

Kupitia tundu aliona mgongo wake. Alikuwa amekaa kwenye ngazi, simu sikioni, akiwaeleza polisi njia ya kufika, taratibu, kwa sauti ileile anayowaelekezea wateja. Wakamuuliza jina la mtu aliyefungiwa ndani. Akalitaja lake la kwanza, akalitaja la baba yao, akalitaja la babu, kisha akawarudia herufi kwa herufi wasije wakakosea kuandika.