Sauti ya Adongo Pale Ziwa

"Wachaneni na hizo kelele! Mama, ongeza redio!"

Ni Macharia, muuza mitumba, aliyepaza sauti hivyo, kijiko cha maharagwe kikiwa hewani. Hoteli nzima ikanyamaza. Ilikuwa taarifa ya habari ya saa saba mchana. Msomaji alisema kwamba mtangazaji mpendwa wa mpira, Isaiah Adongo, amelazwa tena Nairobi. Saratani ya koo iliyompata mwaka juzi, ambayo watu walidhani imekwisha, imerudi.

Selpha Kituyi aliweka kikombe chini. Alikuwa fundi wa cherehani hapo Eldoret, na kando yake alikaa mchumba wake, Gerishon Kiarie, anayefanya kazi kwenye gari la sigara za Kilele, lile linalozunguka masoko likionyesha sinema na kupiga kelele za biashara. Gerishon alikuwa na kipaji kimoja: aliiga sauti ya Adongo mpaka mtu akageuka kutafuta redio iko wapi. Ndivyo alivyompata Selpha. Alisimama mlangoni mwa duka akatangaza jinsi Selpha anavyokata kitambaa kana kwamba ni fainali, naye akacheka hadi mkasi ukamponyoka.

Siku hii hakuna aliyecheka.

"Ni hizo sigara," Selpha akasema.

"Sigara gani?" Macharia akadakia. "Guka, babu yangu, alivuta kiko mpaka akazika daktari wake!"

"Guka wako ni mmoja. Wale waliokufa hawawezi kuja hotelini kubishana na wewe."

"Hiyo ni koo ya kupiga makelele, dada. Miaka yote anatangaza mpira!"

"Basi wahubiri wa sokoni wangekuwa wamekwisha wote."

"Ama amerogwa," akasema mwingine kutoka kona. "Mtu akipendwa sana, ana maadui."

Selpha akasimama. "Mara ya kwanza walimpasua koo. Akapata nafuu kidogo, hao watu wa Kilele wakampatia tena matangazo ya sigara zao. Mtu ana kovu shingoni, anaambia watoto wetu wavute! Huyo mchawi si anajulikana, na ofisi yake pia?"

Gerishon akamvuta mkono. "Selpha, punguza sauti. Hiyo unatukana ni kazi yangu."

"Nimetukana kazi ama nimesema ukweli?"

Gerishon akatoa pesa mfukoni. Alilipa chai wakatoka.

Jioni hiyo nyumbani kwao, mtaani Langas, Mzee Kituyi, babake Selpha, alikuwa ameshapata habari. Mzee alikuwa mlinzi wa kiwanda, na tangu ujana wake hakuwahi kukosa sigara mfukoni. Kila asubuhi majirani waliamshwa na kikohozi chake kabla ya jogoo. Mkewe, aliye shambani Kimilili, alishalia naye akachoka. Mchungaji alishamwombea. Selpha alishampigia magoti. Lakini Adongo ndiye aliyekuwa mtu wake, na sasa Adongo alikuwa kitandani.

Mzee akatoa pakiti, akaitumbukiza jikoni juu ya makaa.

"Kama imemrudia yule, na madaktari wote wa Nairobi wamemzunguka," akasema, "mimi wa Langas ni nani?"

Selpha alilia kwa furaha. Wiki zilizofuata mzee alitafuna miwa mpaka fizi zikamuuma, akagombana na kila mtu, lakini hakuvuta.

Kisha akaenda Ziwa, kituo kilicho nje ya mji, siku ya soko kununua mahindi. Aliporudi, kabla hajatua gunia, Selpha alinusa.

"Baba, hiyo ni harufu gani?"

"Harufu gani?"

"Baba!"

Mzee akacheka kama mtu aliyeshinda kesi. "Mlinidanganya, wewe na redio yenu. Adongo ni mzima! Nimemsikia na haya masikio."

"Ulimwona?"

"Alikuwa ndani ya gari, amechoka na safari. Lakini kwani mimi siijui sauti yake? Alisema, 'Msipepese macho, wapenzi! Ni mimi Adongo wenu. Wanaosema ninakufa ni maadui wa maendeleo. Niko imara, na Kilele yangu iko mkononi!' Watu wakapiga makofi, mpaka wamama! Tukagawiwa pakiti, bure."

Selpha akasogea karibu. "Gari gani, Baba?"

"Gari la Kilele. Lakini kijana wako sikumwona. Labda ako likizo."

Selpha hakungoja kitu kingine. Alikwenda mbio hadi kwenye kibanda cha simu, akapiga bohari ya Kilele.

"Hallo, Kilele hapa."

Aliijua sauti hiyo. "Nataka kuongea na Isaiah Adongo."

Gerishon akashusha sauti.

"Selpha? Hii ni simu ya ofisi."

"Mwambie Adongo kuna mzee hapa Langas amerudia sigara kwa sababu yake."

"Mzee gani?"

"Babangu, Gerishon! Babangu!"

Akabamiza simu.

Kesho yake Gerishon alimkuta dukani, shati limelowa jasho. Mafundi wengine wakajifanya wanashona.

"Ni meneja," akaanza. "Tangu ile habari, watu hawanunui. Akaniambia ni mchezo tu, watu watacheka."

"Walicheka?"

Gerishon akatazama chini. "Walipiga makofi."

"Mtu amelala hospitalini, kumeza maji ni shida, na wewe uko Ziwa unamtumia kama ngoma! Ulimuuliza?"

"Nilikuwa natafuta ya harusi yetu. Nimeahidiwa cheo."

"Usiipakie harusi yangu kwenye hilo gari!"

"Sasa Selpha, kwani mimi ndio nilimwekea mzee sigara mdomoni? Ni mtu mzima."

Cherehani zote zikasimama. Hata Gerishon alijua neno hilo limemtoka vibaya, lakini lilikuwa limeshatoka.

Selpha akavua pete, akamshikisha.

"Mwaka mzima nimekuwa nikicheka sauti ya mtu mwingine," akasema. "Yako sijawahi kuisikia ikisema kitu. Nenda."

Jumapili, baada ya kanisa, Gerishon akatokea Langas. Mzee Kituyi alikuwa ameketi nje, sigara katikati ya vidole. Selpha akamwona Gerishon kupitia dirisha, akakataa kutoka.

"Karibu kijana!" mzee akaita. "Hebu ambia huyu msichana Adongo ni mzima. Amekataa kunisikia."

Gerishon hakukaa. Alisimama mbele ya mzee, mikono nyuma kama mtoto wa shule, akafungua mdomo.

"Msipepese macho, wapenzi. Ni mimi Adongo wenu."

Mzee akageuka kutazama redio mlangoni. Ilikuwa imezimwa. Akamgeukia Gerishon polepole.

"Rudia."

Gerishon akarudia, sauti ikikatika.

"Kumbe ni wewe."

"Ni mimi, Mzee. Naomba unisamehe."

Mzee akainuka. Sigara ilikuwa imeanguka, na hakujali ilipoangukia. "Mimi na mvi hizi nimesimama juani nikipigia makofi kijana aliyejificha kwa gari! Nikarudi nyumbani nikamwita binti yangu mwongo!"

"Nisamehe, Mzee."

"Unaniomba mimi peke yangu kwa nini? Siku hiyo Ziwa ilijaa. Hao wengine utawaambia lini?"

Gerishon akatikisa kichwa. "Nitafutwa kazi. Na unajua mambo ya siku hizi, Mzee. Ukishika kipaza sauti useme maneno yako mwenyewe, unaitwa mchochezi."

"Hiyo najua," mzee akasema. "Nimekuuliza lini."

Siku ya soko iliyofuata, Selpha na babake walikuwa Ziwa mapema. Selpha alisema amekwenda kuangalia bei ya maharagwe. Hakuuliza bei hata kwa mtu mmoja.

Gari la Kilele likaja, muziki ukapigwa, watu wakakusanyika. Safari hii Gerishon hakujificha. Alipanda juu ya gari na kipaza sauti mkononi, na wote wakamwona.

"Naitwa Gerishon Kiarie," akasema, na Selpha akashangaa jinsi sauti hiyo ilivyokuwa ndogo. "Soko lililopita mlimsikia Adongo. Si yeye. Ni mimi nilimwiga. Adongo ni mgonjwa sana. Koo lake limeharibika. Madaktari wanasema sigara inaleta huo ugonjwa, na mimi niliwagawia bure nikawaambia—"

Meneja aliruka akachomoa waya. Gerishon akaendelea kwa kupiga kelele. Mama mmoja akamrushia pakiti. Kijana mwingine akamtupia gunzi la mahindi, likampata shavuni.

"Mwongo!" wakamzomea. "Mwongo mkubwa!"

"Ndiyo, nilidanganya!" akawajibu, mishipa ya shingo imemtoka. "Zomeeni! Lakini msivute!"

Askari wa utawala wawili wakamteremsha wakamfungia kambini, nyuma ya soko. Mzee Kituyi akavua kofia, akaingia ofisini na binti yake nyuma.

"Ametuhumiwa nini, afande?"

"Kuhutubia mkutano bila kibali."

"Na soko lililopita, yule aliyejiita Adongo alikuwa na kibali?"

"Mzee, hiyo ilikuwa biashara."

"Aah! Uongo ni biashara, lakini ukweli ni mkutano!"

Afande alitupa jicho kwenye picha ya Rais ukutani, kisha dirishani, ambako nusu ya soko ilikuwa imewafuata na haikuonyesha dalili ya kuondoka. Akamwonya mzee kuhusu mdomo wake, akamwonya Selpha ambaye hakuwa amesema lolote, na jua likielekea kuzama akafungua mlango.

Gerishon alitoka shavu limevimba. Sauti ilikuwa imemkauka kabisa. Mzee akatangulia mbele kwa makusudi, akiwaacha wawili hao nyuma barabarani.

"Wamenifuta," Gerishon akanong'ona.

"Nimesikia."

"Nitarudi kwa mamangu nilime. Sina kitu cha kukupa, Selpha."

"Nilitaka mume. Gari la sinema sikuomba."

Gerishon akasimama katikati ya njia. "Kwa hivyo umenisamehe?"

"Nani amesema? Nina hasira hadi kwenye kucha. Baba akikohoa tu, inapanda upya."

"Basi niende?"

Selpha akamtazama, yeye na shavu lake na shati lililochanika bega. Akanyoosha mkono, kiganja juu.

"Lete pete. Hasira nitaimalizia nyumbani kwako."

Walifunga ndoa mwezi wa nne, mvua za kwanza zikianguka, na Selpha hakuwa ameimaliza hasira.