Jina Lisiloonekana Nebraska

Siku ile kituo cha mitihani Omaha kilijaa watu kama kliniki ya Jumatatu: vinyozi, manesi, madalali wa nyumba, kila mtu na mtihani wake, kila mtu amegeuza mifuko nje ionekane haina karatasi. Lida Kucera alivaa gauni la bluu lisilo na mfuko hata mmoja, akidhani amewaweza. Msimamizi akamwambia avue miwani ikaguliwe. Nyuma yake palisimama kijana mrefu, shati jeupe, doa la kahawa kifuani.

"Ungenipa nikushikie miwani, dada. Mimi nimeshaaibishwa mifuko yote."

"Shika doa lako kwanza," Lida akamjibu.

Kijana aliitwa Soren Tvedt, mtu wa South Dakota, na wote wawili walikuja kufanya mtihani wa leseni ya ufamasia. Saa sita baadaye walitoka macho mekundu, wakaenda kula pamoja. Hadi sahani zinaondolewa mezani, kila mmoja alikuwa keshakwisha kwa mwenzake.

Niliseme hili mapema, maana ndilo lililowatesa. Huku kwetu mtihani ule ni mmoja nchi nzima, ila leseni kila jimbo na yake. Unachagua majimbo ya kupelekewa matokeo yako, na baada ya mtihani una siku themanini na tisa za kuongeza jimbo jingine. Zikipita, mlango umefungwa. Tena kila jimbo lina mtihani wake wa sheria za dawa. Lida alichagua Nebraska peke yake, kwa sababu mji wao wa Prosek ulikuwa na duka moja tu la dawa, la mjomba wake, na mjomba alikuwa amechoka. Soren alichagua South Dakota, kwao, na Minnesota, kwa kaka yake. Wiki ile ile akaahidi kuongeza Nebraska.

"Ukiliona jina langu kwenye sajili ya Nebraska," alimwambia kwenye simu, "ujue nafunga mizigo."

"Na nisipoliona?"

"Utaliona, mpenzi. Sheria kwangu ni maji tu. Si mimi ninayekufundisha?"

Ni kweli alimfundisha. Jumamosi zote za Juni aliendesha gari mwendo wa saa tano kuja Prosek, wakakaa nyuma ya duka na kitabu cha sheria katikati, wakilishana keki za jamu za mke wa mjomba. Lida akafaulu mara moja. Julai mjomba akamkabidhi funguo, akahamia Arizona kwenye joto, na Lida akabaki mfamasia pekee kwa maili arobaini kila upande.

Mji mzima ulimpenda, na mji mzima ulikwenda kulala saa mbili. Mchana aliwahesabia wazee vidonge na kusikiliza habari za magoti yao. Jioni alipasha supu ya kopo, akaila kwa kusimama, kwa sababu kujiwekea meza peke yake kulimtia huzuni.

Sajili ya wafamasia iko wazi kwenye mtandao, yeyote anaweza kutafuta jina. Kila asubuhi, kabla ya kuvaa koti jeupe, Lida aliandika Tvedt. South Dakota likatokea Julai. Minnesota likatokea Agosti. Nebraska, hakuna. Alipomwuliza habari za mtihani wa sheria, Soren alisema ameshaufanya, umekwenda vizuri. Basi Lida akapiga hesabu kama mfamasia yeyote: sheria kamaliza, kilichokosekana ni matokeo. Akaamini hakuyatuma.

Septemba siku themanini na tisa zikaisha. Lida akampigia.

"Soren, ulituma kweli?"

"Nilituma," akasema, kwa sauti ndogo ya mtu aliyebanwa.

"Jina lako liko kwa mama yako. Liko kwa kaka yako. Kwangu tu ndiko halikupata njia?"

Lida akakata simu. Kuanzia siku ile hakupokea tena. Soren alipiga Oktoba nzima, akapunguza, akabaki kupiga Jumapili tu, saa ile ile. Lida alikaa akiitazama simu inavyolia mpaka inyamaze, halafu akalia yeye. Cha ajabu, hakuacha kulitafuta jina kwenye sajili. Mapenzi hayana adabu.

Februari, theluji imefika magotini, aliinua macho akamwona kwenye foleni. Nyuma ya bibi wa kisukari, mbele ya mzee wa presha, Soren amekonda, kofia mkononi, anangoja zamu yake. Lida alimaliza kwanza kumhudumia bibi. Ilipofika zamu yake, Soren alisogea kwenye dirisha la pembeni, pale mgonjwa anaposema siri zake, akaweka barua tatu kwenye kaunta. Ya kwanza ilitoka bodi ya wafamasia ya Nebraska, kule Lincoln, ya mwezi Juni: matokeo yamepokelewa, yatahifadhiwa mwaka mmoja. Mbili zilizobaki zilikuwa za mtihani wa sheria wa Nebraska. Amefeli. Amefeli tena.

"Kule kwingine nilipita kama ninacheza," Soren akasema. "Hapa nilipokutaka ndipo mkono ulitetemeka. Nilikufundisha mimi, Lida. Ningekuambiaje?"

Lida alizisoma mara mbili. Mimi ningemzaba kofi. Yeye alinong'ona, maana mzee wa presha ametega sikio:

"Miezi mitano nimelala nikijua hukunichagua. Ungesema umefeli, ningekucheka siku moja, tukala, yakaisha. Kufeli ni nini? Uliniacha peke yangu na uongo."

"Najua."

"Hujui. Umewahi kula supu umesimama?"

Hakumsamehe siku ile. Alimpa kahawa, akampa sharti moja: mtihani wa tatu ukija, vyovyote utakavyokuwa, yeye ndiye wa kwanza kuambiwa. Soren akarudi kwao kwenye theluji. Simu za Jumapili zikaanza kupokelewa, kwanza kwa ukali, halafu kwa utani kidogo.

Aprili, saa nne asubuhi, duka limejaa mafua, simu ikalia. Haikuwa Jumapili. Lida akaomba radhi, akageukia rafu.

"Nimefeli," Soren akasema. "Kwa alama mbili tu. Matokeo yamefika sasa hivi, sijamwambia hata mama. Juni yale ya mtihani mkuu niliyotuma yanakwisha nguvu kabla sijarudia, nitaanza upya kwa njia ndefu ya kuhamisha leseni ya kwetu. Sijui lini. Nimekupotezea mwaka, mpenzi."

Lida alifumba macho. Aliwaza jioni nyingine, na nyingine, maili zote zile katikati yao, na hakuna wa kumlaumu. Machozi yakamtoka mbele ya wateja wake wote, wala hakuyafuta.

"Asante kwa kuniambia," akasema. "Njoo Jumamosi, na suti. Tutaoana hivyo hivyo umefeli."