Kifungo cha Koti la Mpimaji

Raketi ya Una Trewhella ilinasa kifungo cha koti la mwanamume mmoja katika msukumano wa stesheni ya Flinders Street, ikaking'oa.

"Dada, unanivua nguo mbele za watu?"

"Kimoja tu, bwana. Vimebaki vitatu, acha kulia."

Ndivyo bingwa wa tenisi wa jimbo la Victoria alivyomjua Lindsay Corkhill, mpima ardhi, ambaye jicho lake halikukosea inchi. Kifungo Una alibaki nacho. Miezi minne baadaye walikuwa wachumba, ila Una, asiyeweza kutulia kitini hata chai ipoe, hakutaja tarehe ya harusi. Alitaka kwenda kucheza Uingereza kwanza, na nafasi ya kwenda ilikuwa ya mshindi wa fainali ya Machi.

Jumamosi ya fainali, mwamuzi mmoja wa mstari aliugua. Lindsay akaombwa kushika nafasi yake. Seti ya mwisho, mambo yakiwa sawa kwa sawa, mpira wa mpinzani ulitua mstarini. Una aliona chokaa ikiruka: ulikuwa ndani.

"Nje!" Lindsay alipaza sauti.

Desturi ya viwanja vile ilijulikana: ukipewa pointi kwa kosa, unaitupa inayofuata. Una, sketi yake ndefu nyeupe ikimgandama kwa jasho, aliupiga mpira wavuni makusudi. Watu wakampigia makofi. Lindsay akaiva uso hadi masikioni.

Una alishinda hata hivyo. Jioni simu ikalia.

"Umenitangaza mwongo mbele ya mji mzima!"

"Ulinipendelea, Lindsay."

"Nikupendelee? Ningekuwa na hila, ungeshindwa, ubaki na mimi!"

Simu ikakatwa. Una alizunguka sebule mpaka mama yake akamwomba aketi. Jumapili alipiga mara tano; hakujibiwa.

Jumatatu, gatini, king'ora cha kwanza cha meli ya Uingereza kilikuwa kimeshalia Lindsay alipofika mbio, magoti ya suruali yakiwa na majani na chokaa.

"Natoka uwanjani. Nimeipima ile alama. Mpira ulikuwa ndani, robo inchi. Nilikosea."

"Nilijua."

"Mimi sikujua. Ndiyo maana nilikwenda kupima."

Una alifungua kiganja. Kifungo kilikuwamo.

"Nilikuja nacho nikurudishie, tumalizane."

"Na sasa?"

"Sasa nasafiri nacho. Novemba nikishuka hapa, tunafunga ndoa wiki hiyohiyo, kabla sijapata safari nyingine."

"Na koti langu, mpenzi?"

"Livae hivyohivyo. Wakikuuliza, sema kifungo kimekwenda Wimbledon."