Chai Isiyopulizwa

Kila siku baada ya shule, Kasuku alikwenda kwenye karakana ya babu yake, seremala, kumpelekea chakula na chupa ya chai kutoka nyumbani. Jina hilo alibandikwa na babu mwenyewe, kwa kuwa mdomo wake haukujua likizo.

Mafundi wa pale walikuwa na mchezo wao: chai hunywewa papo hapo inapomiminwa, na anayepuliza huchekwa hadi jioni. Babu hakuwa na mpinzani. Kwa miaka thelathini aliishusha ya moto kama maji ya mtungini, kisha akawasha sigara.

Lakini siku za karibuni alianza kumsogezea Kasuku nyama yote ya chakula chake. "Kula wewe, mjukuu wangu. Unakua."

Kasuku alikula bila kuuliza. Wiki ya tatu alimwona babu akilowesha mkate kwenye chai, akimeza kwa shida huku ameshika kifua.

"Babu, chakula kinakwama?"

"Kidogo tu. Usimwambie mama yako. Kazi za watu zinangoja."

Kasuku aliahidi. Lakini njiani alikumbuka jinsi suruali ya babu ilivyofungwa kwa kamba isianguke, na zile nyama alizokula kwa furaha. Alipofika nyumbani alimweleza mama yote, akilia.

Hospitalini, daktari aliingiza mrija wenye kamera, akachukua kipande kidogo cha nyama ya ndani kwenda kupimwa. Ilikuwa saratani ya umio, njia inayopitisha chakula kutoka kooni hadi tumboni.

"Wengi huja maji yamezidi unga," alisema. "Wewe mzee umewahi. Tumbaku na pombe huchangia sana, na vinywaji vya moto mno huunguza umio mwaka hadi mwaka. Si kila mtu huugua, ila hatari huongezeka."

Matibabu yalichukua miezi. Babu alirudi karakanani amekonda, sigara ameacha, na kazi yake ya kwanza ikawa rafu ndogo dirishani. Vikombe vya mafundi wote hupoa hapo kwanza.

Siku moja Kasuku alikaa karibu na bakuli la chakula cha babu kama zamani. Babu alimtazama kwa upendo.

"Ahsante kwa mdomo wako, mjukuu wangu. Mficha maradhi, kilio humuumbua. Siri inayomuumiza mtu, mwambie mkubwa anayeweza kusaidia."

Kisha akachukua nyama ya mwisho, akaitafuna polepole, akaimeza.

"Na leo hupati kitu!"

Kasuku hakuwahi kufurahia kunyimwa namna ile.